Filimbi wa Shamba la Maua

Walimwita Filimbi, na jina alilipenda. Katika wapuliza dawa wote wa shamba lile la maua, hakuna aliyemfikia kwa kuzibua nozeli, ile ncha ya bomba. Ikiziba, wenzake wanahangaika na maji na kijiti. Yeye anaitia mdomoni, fyuu! kazi inaendelea. Glovu na barakoa? Msimamizi aliziahidi mpaka ahadi ikaota ndevu.

Siku bomba lilipomrudishia dawa kooni, alianguka katikati ya maua, jasho na mate vikimchuruzika, pumzi ya kuombaomba. Hospitali walimpigania, akapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Mkewe alicheka huku analia.

"Wiki ijayo narudi kazini," akasema, "nafasi yangu isije ikaliwa."

Thubutu! Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda. Nyayo zikalegea; kandambili inabaki nyuma, mwenyewe hana habari. Mkewe alivumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Baba watoto, kitanda kimekunogea. Si ulishapona wewe?"

Maneno yale yalimchoma kuliko dawa yenyewe.

Daktari ndiye aliyemtetea. "Mama, hajifanyi. Sumu ilishatoka, lakini iliumiza mishipa ya fahamu. Wanaopatwa na hali hii ni wachache, nayo huja wakati mtu anajiona mzima."

"Sasa atatembea vizuri lini?"

Daktari akaitazama ile miguu, akaandika tarehe ya kurudi kliniki.

Kesho yake Filimbi alikwenda shambani hivyo hivyo, akishika kuta na uzio. Alitaka msimamizi amwone anatembea, basi. Akavuka geti, akajikaza kiume. Msimamizi hakumtazama usoni. Alitazama nyuma yake. Kandambili moja ilikuwa imebaki getini.

"Pole sana, ndugu yangu. Nafasi tumempa shemeji yako. Si ulimfundisha mwenyewe?"

Kweli, alimfundisha, tena kwa majigambo. Na huyo shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa pale pale, bomba mgongoni, mikono mitupu bila glovu. Nozeli yake ilikuwa imeziba. Akaifungua, akaifuta kwenye suruali, akaipeleka mdomoni.

"Acha! Shemeji, acha!"

Filimbi alijirusha kumzuia. Miguu ikakataa, akaanguka kifudifudi.

Fyuu!

"Umesikia?" msimamizi akacheka, akimwinua kwa mkono. "Usiwe na wasiwasi, tumeshapata Filimbi mwingine."