Shaka la Darsait

Fleti ile niliinunua kwa ukaidi. Kaka yangu alisema mwenye akili hujenga, hanunui ghorofa kuukuu Darsait, mtaa wa zamani hapa Maskati. Nikamwambia ajenge yeye, mimi mwanamke peke yangu sina nguvu za kugombana na mafundi. Sababu khasa sikumwambia. Baba alipofariki, mama alihamia kwa kaka huko Hail, nyumba kubwa, kila mtu na chumba chake, milango imefungwa. Mashoga zake wote walikuwa Darsait. Kila nikenda namuona anapungua kama sabuni. Nilimtaka aje akae na mimi, basi.

Kwa Kiarabu fleti ni shaqqa. Nilipokuwa nikizungumza na dalali kwenye simu, mama alikuwa pembeni anachambua mchele, na Kiarabu chake ni cha sokoni tu. Akaweka ungo chini.

"Unanunua shaka? Kwa fedha zako mwenyewe? Aka! Wenzio wanayakimbia mashaka, wewe unayaendea kwa dalali!"

Nilicheka mpaka simu ikanitoka mkononi. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukaiita hivyo. Shaka lako limepakwa rangi? Shaka lina maji? Mama naye akicheka, lakini kuja kukaa alikataa katakata.

"Nyumba haina uwani. Sakafu yako ndiyo dari ya mwenzio. Nikitwanga kitunguu thomu nimuombe radhi nani? Kaa wewe, mwanangu, mimi ntakuja kukutembelea."

Neno hilo, kukutembelea, lilikuwa likinichoma.

Nilipopewa funguo akakubali kuja, ila kufukiza ubani tu, husuda za waliotangulia zitoke. Akaingia na bismillahi yake, akapita vyumba vyote na chetezo mkononi, akikosoa: bomba linavuja, jiko dogo, dirisha linatazama gereji. Mimi namfuata nyuma, moyo umevunjika, najikaza nisilie mbele yake. Nilishajiambia kuwa humu nitakaa na kuta.

Mlango tuliuacha wazi ili moshi upate pa kutokea. Mara nikasikia sauti ya mwanamke ngazini: "Hodi hapa!"

Hail hapapigwi hodi. Panabonyezwa kengele, na mtumishi anauliza nani. Sijafungua mdomo, mama akaitikia kutoka jikoni: "Karibuuu! Pita ndani, pita!" Sauti ile sikuisikia tangu uhai wa baba.

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mkenya, kanga kiunoni.

"Habari ya mama? Samahani, mko na kiberiti? Changu kimeisha na bado sijapika."

"Mko na kiberiti ndiyo Kiswahili gani, mwanangu? Sema mna kiberiti." Mama alimwambia hivyo huku ameshamshika mkono, anamkalisha juu ya kasha. "Tunacho. Ila vikombe vya kahawa usivitafute, utatusamehe, tumehamia leo."

Tumehamia! Wallahi alisema tumehamia, na wala hakunitazama. Nilikimbilia chooni, nikafungua bomba lote wasinisikie, nikalia kwa furaha kama mtoto.

Nilipotoka, mgeni keshakwenda zake, na mama ana simu yangu sikioni, anamwambia kaka yangu: "Nletee godoro langu kabla ya Magharibi. Na foronya zangu, usinletee za mkeo."