Kasha la Alumini na Jiko la Mama

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwenye mafundisho ya kipaimara nilimuuliza mchungaji mahali Kaini alipompata mke, na chuo kikuu wahadhiri waliujua mkono wangu kabla hawajalijua jina langu. Lakini siku niliposimama kwenye duka la kompyuta Arusha, mbele ya kasha la alumini lililong'arishwa bila doa, sikuuliza swali hata moja la maana.

Makasha yalikuwa mawili. Vitu vya ndani vingekuwa vilevile, ni nyumba yao tu nilitakiwa kuchagua.

"Dada, hili la chuma linapika vitu," muuzaji aliniambia. "Alumini inapumua. Na wewe unakwenda Same, jua la kule mnalijua wenyewe."

Nikaamini. Au niseme nilitaka kuamini, kwa sababu lilikuwa zuri na mimi nilikuwa nimechoka kuwa na vitu vibaya.

Ilikuwa miaka ile mashamba na viwanda vinauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Baba alikuwa ameshapunguzwa kwenye mkonge, amerudi kwetu mlimani na redio yake na kikohozi. Sisi tuliohitimu tuliambiwa tujiajiri. Mtaji wangu ulitoka kwenye tangawizi ya mama, na haukuwa mtaji hasa: ilikuwa fedha ya mabati ya jiko, maana paa lake la nyasi lilikuwa limeoza. Mama alinipa yote akasema ninunue mashine, kitakachobaki nirudi nacho, tuezeke kabla ya masika. Kama ningechukua kasha la chuma, kilichobaki kingeezeka jiko zima. Nilirudi na nauli tu.

"Alumini?" mama aliuliza. "Kama sufuria?"

"Kama sufuria, ila hii ni nene. Haishiki kutu, na inatoa joto."

"Basi vizuri. Jiko litasubiri."

Nilifungua chumba cha kuchapa karibu na stendi ya Same: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za michango ya harusi. Mama aliposhuka mara ya kwanza alilizunguka lile kasha, akalipima kwa shubiri. Alipokuja tena alitoa kwenye kikapu kitambaa cha kufuma, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichoshonwa kama gauni. Nyumbani kwetu redio ina chake, chupa ya chai ina chake.

"Kitu cha bei namna hii unakiacha uchi," alisema. "Ndiyo usomi huo?"

Akalivalisha kasha. Alumini yote ikapotea machoni, na matundu ya hewa pia. Mchana ule kompyuta ilizimika katikati ya kadi za harusi. Tangu hapo nikawa nakivua mama akiondoka na kulivalisha kasha nikimwona anavuka barabara.

Hata bila kitambaa, ilizimika saa za jua kali. Siku moja nikalifungua kasha. Vumbi jekundu lilikuwa limeishika feni mpaka inazunguka kwa shida. Nikapiga brashi, nikafuta, nikawasha, ikaenda mpaka jioni. Mwenye studio ya picha upande wa pili wa barabara alikuwa na kompyuta ya kasha la chuma, feni yake safi, na haikuwahi kuzimika. Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza Arusha: kile kinachopata moto kimegusana wapi na hii alumini? Karibu hakuna mahali. Joto lilikuwa linatolewa na upepo wa feni. Nililipia ngozi ya nje tu.

Masika ikaanza. Nilipanda mlimani Jumamosi moja, nikamkuta mama jikoni chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo, anakoka moto wa makande. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ukingo wa turubai na kuangukia kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame hapo, panavuja. Mashine haijambo?"

"Haijambo."

"Hainyeshewi?"

"Hapana, mama."

"Ashukuriwe Mungu," alisema, akahamisha sufuria.

Alikuwa anauliza kwa dhati, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenisema. Makande yale nilikula nusu.

Nilipoteremka nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye studio. Alikuwa amelitamani lile kasha tangu siku nilipolishusha kwenye basi. Tukabadilishana: mimi nikachukua kasha la chuma na fedha juu yake, tukahamisha vitu vya ndani, na fedha ikawa mabati. Nyumbani nilisema biashara imechanganya, inaingiza fedha. Majirani wakaitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanaume wakapanda kwenye kenchi za paa kati ya mvua na mvua, wanawake wakaleta maharage na mahindi, na jiko likaezekwa siku ileile. Mama alisimama ndani akisikiliza mvua ikigonga juu.

Kompyuta iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Sikuona tofauti yoyote.

Mama aliposhuka tena Same, alikaa, akanywa maji, kisha akainua kitambaa chake akitaka kukipeleka kufua. Akabaki amekishika.

"Hili silo."

"Lile ndilo lililoezeka jiko, mama."

Akakitupia kitambaa begani.

"Nimewaambia akina mama wa kanisani," alisema, "mwanangu ana kompyuta ya alumini, Same nzima hakuna. Wakinicheka kwamba napikia mvuani, ndilo nililokuwa nawajibu." Akaligonga kasha la chuma kwa kidole. "Ungeniuliza kwanza."

Mimi wa kuuliza.

Hakukifua kitambaa siku ile. Alilivalisha kasha upya, akakivuta kitambaa pembe zote nne mpaka chuma kisionekane hata kidogo. "Wakija usikifunue," alisema, akaenda kuwahi gari la mlimani.

Nilikuwa na mtihani wa shule wa kumaliza, na jua lilikuwa kali. Nilijua napaswa kukivua kitambaa. Nilikiacha, nikachapa mchana kutwa nikisikiliza feni, nikihifadhi kazi kila baada ya mistari michache.