Gesi ya Shimo Langu Imemrudisha Mkwe Wangu Kwao

Mhariri, barua hii naomba uitoe bila jina, maana wakwe zangu nao husoma gazeti lako. Nina miaka sitini na mitatu, mwalimu mstaafu wa sayansi, naishi pembeni ya Igoma na mke wangu. Ninyi wasomaji wa ukurasa huu mmewashauri wengi. Leo mnivumilie na mimi mzee, kwa sababu nikianza kueleza jambo simalizi upesi, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mke wangu ana ugonjwa wa kifua. Amepikia kuni tangu akiwa msichana, na daktari alituambia wazi kwamba dawa hazitafaa kitu asipotoka kwenye moshi. Atoke aende wapi? Tangu biashara iwe huria, mafuta ya taa yamejaa kila duka, ila bei anaijua mwenye duka. Nyaya za umeme zimepita juu ya shamba langu kwenda kiwanda cha samaki, sisi tumeachiwa kivuli cha waya. Pale tunapokunywa kahawa, wapo wanaosema makampuni binafsi yakiruhusiwa tutawaka wote, na wapo wanaosema mabwawa yamekauka, hata wenye umeme wanakaa gizani kwa mgao. Nilichoka kungoja nani atashinda mabishano yale. Nikachimba mtambo wa gesi ya samadi.

Nieleze kidogo. Kinyesi cha ng'ombe kikichanganywa na maji na kufungiwa shimoni pasipo hewa, vijidudu hukila na kutoa gesi. Gesi hiyo hupita kwenye bomba hadi jikoni. Unawasha kiberiti, inawaka rangi ya buluu, bila moshi. Jirani alinitania kwamba umeme wa mwalimu unakula majani. Sikujali. Mke wangu alianza kulala bila kukohoa.

Mwaka jana ng'ombe wawili kati ya wanne walikufa kwa ugonjwa wa ndigana. Moto ukafifia, ugali ukawa hauivi. Kwa mtu aliyesoma jibu lilikuwa jepesi: nikaunganisha choo chetu na lile shimo, maana kwa vijidudu kinyesi ni kinyesi tu. Mke wangu alipouliza fundi anachimba nini, nilimwambia anaziba ufa. Niliona ni jambo la sayansi, halihitaji kikao.

Muda si mrefu mwanangu akaoa binti wa Magu, nitamwita Kabula. Mumewe yuko machimboni upande wa Geita, kwa hiyo binti tulikaa naye sisi. Mnajua desturi yetu, mkwe hatumii choo kimoja na baba mkwe. Nilimchimbia cha kwake, nikakiezeka bati jipya, nikajiona nimetimiza heshima. Naye akachukua jiko lote ili mama mkwe apumzike, na hata alipopata mimba hakuliacha.

Mwezi uliopita baba yake alikuja kumwona. Alikula wali na sato, akasifu moto usiochoma macho, akauliza unatoka wapi. Mwalimu ni mwalimu. Nilimpeleka uani, nikachora shimo ardhini kwa kijiti, nikamwonyesha bomba la samadi. Akanyoosha kidole kwenye bomba jingine akauliza na hili je. Nikaeleza. Nilieleza vizuri mno, kama niko mbele ya darasa, hadi jinsi moto usivyobeba uchafu wowote.

Aliutazama mchoro wangu. Kisha akasema polepole, "Mzazi mwenzangu, kwa hiyo mwanangu anapikia choo chako?"

Nilimchimbia binti wa watu choo chake kwa heshima, halafu changu nikampelekea jikoni. Kabula alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akasikia. Aliiweka chini, akaingia ndani kufunga nguo zake. Wakati wa kuondoka alipiga magoti kuniaga kama kawaida, ila hakuinua uso.

Nilikwenda Magu na kaka yangu kuomba radhi. Wazee wa kule hawakunitukana. Wangenitukana ningepata nafuu. Wanataka mbuzi wa kusafisha jiko, nimekubali. Wanataka pia shimo lifukiwe lote, la sivyo Kabula na mtoto atakayezaliwa hawatakanyaga kwangu. Nikawaambia nitaondoa bomba la choo, nibaki na samadi ya ng'ombe wawili, angalau ipatikane chai na uji wa mgonjwa. Shangazi yake Kabula akatabasamu. "Mwalimu, uliyetuficha bomba moja, la pili tutalijuaje?"

Alikuwa amesema kweli.

Mwanangu alivuka kwa kivuko cha Busisi kutoka Geita kuja kunisikiliza, akakaa saa moja, akarudi bila kula. Alisema tu kwamba yeye hana elimu yangu, niamue mwenyewe.

Kisha nikamweleza mke wangu yote, pamoja na uongo wa ufa. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya. "Fukia, baba," akaniambia. "Moshi tunajuana. Mjukuu bado sijamjua."

Tangu juzi amerudia mafiga, ati anajizoeza. Namsikia anavyokohoa, anasimama kidogo, anaendelea kupuliza moto.

Jumamosi natakiwa kupeleka jibu Magu. Nikifukia, nitakuwa nimemrudisha mke wangu kwenye moshi kwa mikono yangu. Nikikataa, nitakuwa nimemnyima mjukuu anayemngoja. Nimechoka, na safari hii sina la kumfundisha mtu. Ninyi mlio na wakwe, na ninyi mlio na wagonjwa ndani ya nyumba, nishaurini: yeye ndiye mwenye kifua, naye amekwisha kusema. Je, nimtii?