Ufa Nyuma ya Kabati

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota, nilipochanganya chokaa kwenye ndoo na kupaka ukuta wa chumba cha nyuma katika nyumba ya marehemu baba yangu pale Bariadi. Nilipaka mara mbili. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache, nikautazama ule ukuta, nikajisifu kwamba nina mkono mzuri wa kazi. Kule kujisifu ndiko kunakoniuma hadi leo, hata kuliko kupaka kwenyewe.

Mtaa wetu tuliuita Kinuni, kwa sababu ya kinu cha kuchambulia pamba kilichokuwa jirani. Baba alikuwa karani wa mizani pale. Wakati kinu kinafanya kazi, mtaa ule ulikuwa na hoteli ya chai, duka la mafuta ya taa, fundi baiskeli, na watoto wengi kuliko kuku. Kinu kilipofungwa, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hoteli ikafungwa, kisha duka, kisha mashine ya kusaga ikahamia upande wa barabara kubwa. Nyumba zisizo na wenyewe zikang'olewa milango, popo wakaingia. Baba alifariki katika miaka hiyo. Mama akahamia Ipililo kwa dada yangu mkubwa, na mimi nikawa naishi Kiloleli kwa mjomba, nalima pamba. Nyumba ikabaki tupu, bati zikashika kutu, mchwa wakapanda kwenye fremu za madirisha.

Ukoo ulikaa, mama akiwemo, wakakubaliana nyumba iuzwe. Kazi ya kumtafuta mnunuzi nikapewa mimi, Shija, mtoto niliyefuata mapacha. Nilifurahi sana. Nilikuwa na mchumba kijiji cha Mwamanyili, na sehemu yangu katika mauzo ingeninunulia ng'ombe wa mahari.

Sasa sikiliza tatizo la nyumba ile. Baba alijenga juu ya udongo mweusi wa mbuga. Wewe umekulia huku, unaujua. Kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, masika unafura kama unga uliotiwa hamira, na nyumba iliyo juu yake hainyamazi. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa uliotoka chini hadi karibu na paa, mkono wangu ulikuwa unaingia mpaka kwenye kiwiko. Niliujaza udongo uliochanganywa na samadi, nikausawazisha, nikapaka hiyo chokaa. Kisha nikalisukuma kabati la baba, kabati zito la mninga, nikaliegemeza hapo hapo.

Mzee Luhende alinikuta nikipangusa kabati. Huyu alikuwa jirani yetu na fundi wa kujenga, ndiye aliyeijenga nyumba ile pamoja na baba. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka baba, akanitakia kazi njema. Alisimama mlangoni bila kuingia. Aliutazama ukuta, akalitazama kabati, kisha akanitazama mimi.

"Shija," akasema, "atakayekuja kununua, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikamjibu kwamba nitamwambia. Na nadhani wakati ule nilimaanisha, maana ahadi haikuwa na uzito wowote kabla mnunuzi hajafika.

Mnunuzi alikuja wiki mbili baadaye. Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, tulimwita Mama Zawadi. Kwao ni Kigoma, nchi ya milima na udongo mwekundu, na mbuga yetu alikuwa hajawahi kuishi juu yake hata masika moja. Alikuja na mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye sauti nyembamba. Wakazunguka nyumba. Mama Zawadi aliuliza kuhusu wezi, kuhusu maji, kuhusu majirani waliobaki. Nilimjibu yote kwa ukweli, hata mahali ambapo ukweli haukuwa mzuri. Nilimwambia mtaa umekufa na wateja watakuwa wachache. Akasema nguo za shule watu watazifuata popote. Kuhusu kuta hakuuliza. Nami nikajiambia moyoni kwamba kwa kuwa hakuuliza, sijamdanganya.

Yule bibi alikipenda chumba cha nyuma kwa sababu kilikuwa na utulivu. Alipapasa kabati, akafungua mlango wake, akafunga, akauliza kama nitaondoka nalo. Pale nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ningesema, bibi, usilale chumba hiki, njoo nikuonyeshe kilicho nyuma ya kabati. Badala yake nikasema kabati nawaachia, ni zawadi. Bibi akanishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Karatasi zikaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, nikarudi Kiloleli nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Ng'ombe nikanunua, nikawaweka zizini kwa mjomba wakisubiri siku ya kulipa mahari.

Masika iliyofuata ilikuwa nzito. Siku moja sokoni Kiloleli nilikutana na mwanamke wa Bariadi anayeuza dagaa, akanihadithia habari kama anavyomhadithia mtu yeyote. Nyumba moja ya Kinuni ukuta umeanguka jana mchana, bibi alikuwa amejipumzisha ndani, kabati likamwangukia, mguu umevunjika juu ya goti. Yule mama hakujua anazungumza na nani. Nilimwachia kapu langu pale pale, nikaenda kutafuta gari la Bariadi.

Nilikuta watu wamekusanyika uani. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi kama banda, bati limening'inia. Mama Zawadi alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha cherehani yake, cherehani imefunikwa turubai, miguu yake imejaa tope. Bibi alikuwa ameshapelekwa hospitali. Mzee Luhende alikuwepo pia, anaokota matofali yaliyo mazima na kuyapanga kando. Mama Zawadi aliponiona hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja.

"Ulijua?"

Nikasema, "Sikujua, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniamini. Mzee Luhende aliweka tofali alilokuwa nalo juu ya mengine, akapangusa mikono kwenye suruali, akaondoka bila kumuaga mtu.

Nilimfuata hadi kwake. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kumshukuru kwa kunyamaza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akanionyesha mahali pa kukaa, chini kabisa, kama ninavyowafanyia ninyi mkikosea. Akanikumbusha kwamba ufa ule aliuziba mara tatu na baba yangu, na mara ya mwisho mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, ndiye niliyemchanganyia udongo. Nilikuwa nimesahau kwamba anakumbuka.

Nikamuuliza, "Baba, kwa nini basi hukusema pale mbele za watu?"

"Ningesema, ungekuwa umeshikwa," akajibu. "Mtu aliyeshikwa hukiri kwa sababu hana pa kupita. Nilitaka useme wewe."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa umri wake. Akasema na yeye ana kosa lake. Aliona chokaa, aliona kabati, akajiambia kwamba huo si mlango wake, na kwa heshima ya ujirani na baba yangu akamwacha mgeni alale chini ya ukuta ule. Akasema tangu ukuta uanguke hajaweza kula. Kwamba kesho asubuhi atakwenda kwa yule mama kusema lake, na mimi nikipenda niende kusema langu, na nisipopenda, gari la Kiloleli linapita mapema.

Sikulala vizuri, hilo halihitaji maelezo. Asubuhi tulikwenda pamoja. Mama Zawadi alikuwa amehifadhiwa na jirani mmoja, yuko barazani anatia uzi kwenye sindano. Mzee Luhende alisema lake kwanza, akavua kofia. Mimi zamu yangu ilipofika nikasogea mbele. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, ya udongo wa mbuga na ya ujana na ya mahari. Yote yakanikimbia, nikabaki na moja.

"Nilijua," nikasema.

Aliendelea kutia uzi ule. Ulikataa kuingia, akaulowesha mdomoni, akajaribu tena mpaka ukaingia. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mama yangu kila asubuhi akifungua lile kabati alikuwa anakuombea."

Nimepigwa fimbo mara nyingi maishani mwangu, mwanangu. Baba alikuwa na mkono mzito, na shule ya zamani haikuwa na mchezo. Hakuna iliyoingia kama maneno yale.

Nikamwambia nitamrudishia alichotoa, achukue nyumba au aiache. Akakataa. Alisema hana nguvu ya kuhama tena, na kwamba wateja wameshaanza kumjua. "Mimi nataka ukuta," akasema. "Ukuta wa kweli."

Basi ng'ombe wa mahari wakauzwa, wakageuka kuwa mawe, saruji na matibabu ya bibi. Nilikwenda Mwamanyili kumweleza baba wa mchumba wangu, na sikumficha kitu, maana kuficha kulikuwa kumenichosha. Alinisikiliza vizuri, akanipa chakula, na kabla ya mavuno binti yake akaolewa na mtu mwingine. Sikuwa na cha kulaumu. Nililia kidogo. Lakini kama lisingetokea hilo, mama yenu asingekuwa mama yenu, kwa hiyo usinionee huruma kupita kiasi.

Kiangazi chote nilikaa Kinuni, nalala kwa Mzee Luhende. Alinifundisha kuchimba msingi kuupita udongo mweusi mpaka sululu igonge changarawe ngumu, na hapo ndipo tukaanza kupanga mawe yaliyoletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka vilimani. Mama Zawadi alikuwa anakuja kila jioni na fimbo, anachokoa kila mstari tuliojenga, anasukuma kwa bega, kisha anarudi kwenye cherehani yake. Hakunisemesha zaidi ya kazi. Ukuta ulipofika kwenye bati akasema, "Umemaliza," basi. Sikupata msamaha kwa maneno, na kwa kweli sikuustahili kuudai. Kuna wakosaji wanaoomba radhi leo na kesho wanakasirika kwamba hawajakumbatiwa. Usiwe mmoja wao.

Bibi alirudi kutoka hospitali katikati ya kazi ile. Mguu uliunga vibaya, tangu hapo akatembea kwa fimbo mbili, na bustani ya mchicha aliyokuwa ameianza hakuweza tena kuinama kuipalilia. Nilikuwa nampalilia mimi, asubuhi kabla ya kuanza ukuta. Kwa wiki nyingi alikuwa anaketi akinitazama bila neno. Siku moja jua lilimfikia, akanipungia mkono nikamsogezee kigoda kivulini. Nikamsogezea. Alipokwisha kukaa vizuri akanishika mkono.

"Jina lako nani?" akauliza. "Nilikuwa nakuombea bila jina."

Nikamwambia naitwa Shija. Akalirudia mara mbili kwa lafudhi ya kwao. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikakaa juu ya mawe, na Mzee Luhende akajifanya anatafuta kamba ya kupimia mpaka nilipoweza kusimama tena.

Nakusimulia haya leo, mwanangu, kwa sababu nimesikia unaiuza ile nyumba aliyokuachia baba yako mdogo kule kule upande wa Kinuni. Uliponionyesha picha kwenye simu nilifurahi, zimetoka vizuri. Lakini niliona hakuna hata moja iliyopigwa jikoni, na mimi jikoni mle naingia tangu hujazaliwa, najua bati limetoboka wapi na boriti imeliwa na mchwa mpaka wapi. Sikukuuliza mbele ya wenzako. Nakuambia hapa tukiwa wawili, na huyo mnunuzi wako sitamwambia leo. Nakupa nafasi niliyopewa mimi. Ila siku ya kuandikishana nitakuwepo, na nikiona bado hajui nitasema, maana Mzee Luhende alinyamaza mara moja tu, ikamnyima chakula, nami ni mzee wa kutosha kujifunza kwa mwingine.

Nyumba mbovu si aibu. Mtaa ukifa, nyumba zake huchakaa, na hakuna anayekulaumu kwa kutaka kuuza kitu kilichochakaa. Wapo watakaoitaka hivyo hivyo, kwa ajili ya kiwanja, kwa ajili ya matofali, au kwa sababu uwezo wao unaishia hapo. Hao wa mwisho ndio uwaogope kuwadhulumu, maana wakishahamia hawana pa kuhamia tena. Kwa hiyo mpeleke mnunuzi jikoni kwanza, kabla ya sebule. Mwonyeshe kwa kidole. Mwambie maji yanapita wapi masika. Usingoje aulize, kwa sababu mgeni hajui cha kuuliza, na wewe unajua. Akipunguza bei, mwache apunguze. Akiondoka, mwache aondoke, ukae na nyumba yako na usingizi wako. Na kama umeshakosea, usitafute maneno marefu. Sema "nilijua", kisha ushike sululu.

Mungu wa baba zetu akutangulie katika biashara hii, mwanangu. Akupe ulimi usiokuaibisha na mikono isiyochoka kurekebisha. Na akujalie mnunuzi ambaye, ukikutana naye sokoni miaka kumi baadaye, utavuka barabara kwenda kumsalimia.