Udongo Ulioziba Bonde la Kambe

Wanafunzi wa Scholastique, mwalimu wa elimu ya miamba, walimcheka kwa jambo moja: alikuwa akilamba mawe. Wakienda naye safari za masomo, yeye huvunja jiwe kwa nyundo, hulipuliza vumbi, kisha huligusisha ulimini mbele za watu bila haya yoyote. Jiwe likiushika ulimi, basi ndani yake mna vitundu visivyoonekana kwa macho, na jiwe la namna hiyo laweza kunywa maji, mafuta au gesi na kukaa nayo. Lisiposhika, analitupa. Mjini Bunia, mashariki ya Kongo, ambako watu wana mengi ya kuogopa na machache ya kuchekea, mwalimu mtu mzima anayelamba mawe hakuweza kuachwa hivi hivi. Walimpa jina, Mama Lamba, naye akaliitikia.

Utafiti wake wenyewe ulikuwa mgumu kuueleza kwa majirani. Viwanda vya dunia vinatoa moshi, na katika moshi huo mna gesi ya kaboni inayozidisha joto duniani. Wataalamu wanataka kuikamata gesi hiyo na kuizika chini kabisa, ndani ya mawe yenye vitundu, isirudi tena. Scholastique alitaka kujua kama mawe ya huko chini ya miteremko ya Ziwa Albert yangeifaa kazi hiyo. Jiwe la kunywa gesi peke yake halitoshi. Juu yake lazima pawe na tabaka nene la udongo wa mfinyanzi wa kulifunika, la sivyo ni kama kufungia moshi ndani ya kikapu. Mdogo wake Isidore alipoelezwa habari hizo alicheka mpaka akashika tumbo, akauliza kama Wazungu wamekosa kabisa pa kutupa moshi wao.

Huyo Isidore ndiye aliyekuwa ukoo wake wote. Walizaliwa Djugu, kwa watu wa kulima maharagwe na mihogo, na vita vilipofika kijijini kwao Scholastique alikimbia na mtoto huyo mgongoni mpaka Bunia. Wazazi walizikwa huko huko ukimbizini, mbali na shamba lao. Dada akashika vitabu, mdogo akashika sururu. Aliingia migodi ya dhahabu ya Bambu akiwa bado hajaota ndevu, akapanda ngazi kidogo kidogo mpaka akawa PDG, ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, hata kama kampuni yake yote ni majembe na ndoo. Njia ya Bambu ilipoharibika kwa watu wenye bunduki, alirudi mjini akakaa bila kazi, na mtu wa dhahabu akikaa bila kazi huwa mgonjwa. Ndipo aliposikia habari za dhahabu ya bonde la Kambe.

Na Scholastique naye alifika Kambe, kwa njia yake. Alikuwa akifuata kijito kinachoteremka kuelekea ziwani, akitafuta mahali ambapo ule udongo wa mfinyanzi unajitokeza juu ya ardhi. Aliuona, mweusi na mzito, unene wake kupita nyumba. Akafurahi. Hatua chache mbele aliona maji ya kijito yanatoa mapovu pasipo na moto, na katika kishimo kando yake walilala ndege wadogo na panya, wamekufa, bila jeraha. Hakukisogelea kishimo kile. Alifunga kijiti cha kiberiti kwenye ncha ya ufito, akakiwasha na kukishusha pale, kikazimika kana kwamba kimetumbukizwa majini.

Alielewa mara moja. Gesi aliyokuwa akiuliza kama yaweza kuzikwa ilikuwa imeshazikwa hapo tangu zamani, na wala si na mtu. Mawe yaliinywa, udongo ukaifunika, na kilichokuwa kikivuja pembeni kilikuwa kidogo tu. Kwa mtafiti hiyo ni bahati ya kupatikana mara moja maishani. Basi akainua kichwa, akaona juu ya kilima turubai la buluu, na chini ya turubai watu wanavuta ndoo za udongo mweusi kwa kamba. Walikuwa wakitoboa kile kifuniko. Aliyekuwa akiwaelekeza, mikono kiunoni, alikuwa Isidore.

Alipanda mbio, lakini hakufika. Wachimbaji walimzuia mbali, kwa heshima, maana kwao mwanamke hasogelei shimo; akilikanyaga ukingoni, dhahabu inakimbia. Isidore ndiye aliyemshukia, akitabasamu, udongo mpaka kwenye kope. Scholastique akamwambia yote: mapovu, ndege, kiberiti. Akamwambia kwamba upande wa Goma gesi hiyo watu huiita mazuku, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inajaa shimoni kama maji, na mtu huvuta pumzi mbili akaanguka. Isidore alisikiliza kwa adabu. Akajibu kwamba mazuku ni ya volkano, na huku kwao Ituri hakuna volkano. Kisha akamwita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa huko kwao, akauliza swali moja.

"Yaya, chini ya ule udongo iko nini?"

Angeweza kusema hakuna kitu. Lakini mwanamke huyu alikuwa hajapata kulisingizia jiwe maisha yake yote, na ulimi ukamponza.

"Iko muchanga na mawe ya muto wa zamani," alisema. "Na ile gesi iko mule mule."

Kila mchimbaji anajua mto wa zamani unalala na dhahabu. Macho ya Isidore yakawaka, na Scholastique akayaona yakiwaka, akatamani kuyameza maneno yake. Alimsihi aliache shimo. Isidore akamshika bega, akamwambia taratibu kwamba anajua dada yake hasemi uongo, ila watu wa aina yake hutumwa na kampuni bila kujua wametumwa.

"Kila mahali batu wanatuambia hatari," alisema. "Tukitoka, kampuni inaingia. Siye tumechoka kutoka."

Nani atamlaumu? Kwao Djugu waliambiwa kuna hatari, wakatoka, na mpaka leo wanatazama mashamba yao kwa mbali. Bambu vivyo hivyo.

Scholastique akaenda kwa wakubwa. Ofisi moja ilimpeleka nyingine, na mwishowe bwana mmoja mwenye suti akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaamuru kibao cha marufuku kisimikwe penye njia ya Kambe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Serikali haikatazi mahali pasipo na kitu. Hivyo ndivyo wachimbaji walivyokisoma kibao. Habari zikafika Komanda, zikafika Niania, na pikipiki zikaanza kushusha watu Kambe kutwa, Wakristo na Waislamu, wenyeji na wageni, kila mmoja na sururu yake. Matundu yakaanza kuota juu ya kilima kizima. Shimo la Isidore ndilo lililotangulia kwa kina, na udongo uliotoka humo ulianza kuja na unyevu na chembe za mchanga. Scholastique alipozipata chembe hizo kwenye buti za mdogo wake, alipokuja mjini kununua chumvi, alijua kifuniko kimekaribia kutoboka.

Alikuwa amebakiwa na njia moja, nayo haikuwa ya kitabuni. Kama watu hawa hawasikii sayansi, watasikia mila yao. Asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, akapanda pikipiki mpaka Kambe, akakipita kibao, akawapita waliojaribu kumzuia kwa mikono iliyoogopa kumgusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo la Isidore na kuketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Wavuta kamba waliziachia kamba. Waliokuwa chini walipanda haraka, vidole vikishika vishimo vilivyochongwa ukutani, wakatoka na kwenda zao mbali bila kumtazama. Shimo limeharibika, wakasema, dhahabu imekimbia. Scholastique aliyasikia akafurahi. Waliyoyasema yote yalikuwa yale aliyoyataka.

Isidore alikuja polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoanza kumtia dada yake baridi. Alimshika mkono akamwinua, akamsogeza pembeni kama mtu anayemtoa mama yake juani. Kisha akavua buti zake, akavua shati. Scholastique akamgeukia Evariste, mzee wa kazi pale shimoni, akamwuliza mdogo wake anafanya nini.

Evariste akamweleza, bila kumlaumu. Shimo lililokanyagwa na mwanamke haliachwi, husafishwa. PDG mwenyewe hushuka, wa kwanza na peke yake, asifungwe kamba, achimbe chini kabisa kwa mkono wake mpaka apate udongo mpya ambao jicho halijauona, autoe nje. Akiuleta, dhahabu inarudi. Ndivyo walivyofanya Bambu tangu zamani.

Mila hiyo Scholastique aliijua nusu. Nusu ya pili hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa.

Alipiga ukelele akiita jina la mdogo wake, na watu wakamzuia. Isidore alikuwa ameshaingia mpaka kifuani. Alimtazama, akamwambia asiogope, ni kazi ya dakika chache, akazama. Walisikia sururu ikigonga, ikipumzika, ikigonga tena. Kisha chini kabisa ikasikika sauti ya maji yanayochemka, na sururu haikugonga tena.

Evariste aliita. Akaita tena, akiinama juu ya shimo, akainuka ghafla na kushika kichwa, macho yamemlegea. Hata hivyo alijifunga kitambaa puani na kuweka mguu kwenye kishimo cha kwanza cha ukuta. Vijana wawili walikuwa nyuma yake tayari kumfuata, kwa kuwa mchimbaji hamwachi mwenzake chini.

Scholastique aliwaponyoka waliomshika, akamkumbatia Evariste kiunoni kwa mikono yote miwili, akamvuta kinyumenyume mpaka wakaanguka pamoja juu ya udongo mweusi.

"Hakuna mutu anashuka," alisema. "Mukishuka, mutabaki mule bote."

"Mama, ni ndugu yako iko chini."

"Najua."

Evariste alijaribu kujinasua, mwanamume mwenye nguvu aliyevuta ndoo maisha yake yote, akamtukana, akamwomba, mwishowe akalia. Vijana walisimama, hawajui wamtii nani, na kwa kutojua kwao hawakushuka. Scholastique alijua kwamba kule chini huenda moyo wa mdogo wake ulikuwa bado unapiga. Aliujua muda ambao moyo waweza kupiga ndani ya gesi ile kuliko mtu yeyote pale kilimani, na aliendelea kumshikilia Evariste mpaka muda ule ukapita.