Aliyebaki Kwenye Daraja la Magogo

Placide alikuwa mchukuzi wa ndakala. Alipakia magunia ya samaki hao wakavu ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, akayafunga nyuma ya baiskeli yake nyeusi kwa mipira iliyokatwa kutoka gurudumu bovu, akapanda nayo hadi soko la Fizi. Nasema akapanda, lakini anayeijua barabara ile atanicheka, maana haikuwa ya kupanda tu. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kilima baada ya kilima, muhogo huku, majani marefu kule, na kila bonde na kijito chake. Kwenye miinuko Placide alitembea akisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia. Kwenye miteremko alirukia tandiko, akaachia, na hapo alijiona mwanaume kuliko wanaume wote wa miaka ile ya hamsini.

Mteremko wa mwisho kabla ya Fizi ulikuwa mkali kuliko yote. Chini yake palikuwa na daraja la magogo, na ng'ambo ya daraja mwinuko mrefu uliofika mpaka kijiji cha wakwe zake. Huko alizaliwa mke wake, Marie, na huko aliishi mama mkwe.

Jina la mama mkwe sitalitaja sasa. Placide mwenyewe hakuwahi kulitaja, na si adabu nimtangulie. Kwao mkwe hatamki jina la mama wa mkewe, hamtazami usoni, hazungumzi naye. Walipokutana njiani, Placide aliburuta baiskeli hadi kwenye majani, naye mama akageuka, akampa mgongo, akajifunika uso kwa kitambaa mpaka mkwe apite. Msidhani walichukiana. Placide aliacha fungu la ndakala mlangoni bila kubisha hodi, na alipotoka sokoni alikuta karanga za kukaanga ndani ya jani la mgomba, zimefungwa juu ya tandiko lake. Miaka yote ya ndoa ile walipendana hivyo, kimya kimya.

Mwaka wa hamsini na sita mama aliugua tumbo, akapelekwa zahanati ya Baraka, akafia huko. Gari halikupatikana. Ndugu walizungumza habari za machela, lakini Placide akasema mzigo ule ni wake. Wakamviringisha mama ndani ya mkeka, mkeka wakaufunga kwenye baiskeli. Alikuwa mwepesi, masikini. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, hata gunia la ndakala lilimzidi.

Ukoo wa Marie ulikuwa na sharti moja kwa safari ya namna hiyo. Maiti akivushwa maji lazima aambiwe, la sivyo mwili unavuka na mwenyewe anabaki. Basi kwenye kila kijito Marie aliinama karibu na mkeka, akasema, "Mama, tunavuka mayi. Usibakie. Tuende." Placide alisimama pembeni, ameinamisha kichwa, kama ilivyompasa.

Ila mteremko wa mwisho haukuwa na subira. Placide alikusudia kuushuka kwa miguu. Katikati breki zikaachia, baiskeli ikaanza kumvuta, akaona ataanguka na mama wa watu. Akarukia tandiko. Na hapa niseme ukweli ingawa unaaibisha: upepo ulimpiga usoni, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Magogo yakanguruma chini ya magurudumu. Alipozinduka alikuwa ng'ambo, na Marie bado yuko juu kabisa, mdogo kama kuku.

Angeweza kurudi ng'ambo ile na kusema yale maneno machache. Alifungua hata mdomo. Haya ikamshinda, maana alikuwa hajawahi kumwambia mwanamke yule hata habari ya asubuhi.

Marie akafika anahema. "Umemuambia?"

Placide akaitikia kwa kichwa. Wakamzika mama siku ile ile.

Marie alibaki kijijini kuilinda nyumba ya mama yake, na Placide akarudia kazi yake. Safari ya kwanza baada ya matanga alishuka ule mteremko mchana, jua kali. Kando ya daraja, upande wa Baraka, mwanamke alikuwa amesimama ndani ya majani. Alipoisikia baiskeli akageuka, akampa mgongo, akajifunika uso kwa kitambaa. Placide alipita amezuia pumzi. Safari iliyofuata alikuwapo. Siku ya ukungu alikuwapo, na kitambaa kilikuwa kimelowa, kinadondosha maji.

"We unaangalia nini pale?" aliuliza Nicolas, mchukuzi mwenzake waliyekuwa pamoja. "Iko majani tu."

Marie naye hakuwa na raha. Kuku wa mama walikataa kuingia ndani ya nyumba, walilala nje kwenye umande. Chakula alichomwekea marehemu hakikuguswa hata na sisimizi. Placide alipopita kulala kwake aliyaona hayo, akausogeza ugali pembeni.

"Sikumuambia," alisema. "Ku daraja. Nilisikia haya."

Marie hakulia. Alimtazama muda mrefu, na mtazamo ule ulimuuma kuliko tusi. "Mama yangu iko anakaa mu baridi juu ya haya yako?"

"Unisamehe, Marie."

"We ulimuacha, we utaenda kumuchukua. Peke yako. Usirudie kwangu bila ye."

Akashuka alasiri ile ile na baiskeli tupu, akavuka hadi upande wa Baraka. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni na hakuona mtu. Akainama, macho chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tunavuka mayi. Tuende."

Gurudumu la nyuma likabonyea.

Placide akasukuma. Magogo yalilia, kisha mwinuko ukaanza, na jasho likamtoka. Mwanzoni alifurahi, akamwambia mama habari zote alizomficha kwa adabu: kwamba karanga zake zilikuwa tamu, kwamba Marie hana mfano. Lakini mzigo ulikuwa mzito. Ulizidi magunia mawili, na kadiri alivyopanda ulizidi tena. Kisha mkono wenye maji ukawekwa juu ya mkono wake. Paji la uso la baridi likamlalia begani, na pumzi ikampita shavuni.

Hapo nywele zilimsimama. Mama mkwe angekufa mara ya pili kabla ya kumshika mkwe wake mkono.

Akaelewa alichofanya. Alikuwa ameita "mama", basi, na mama aliyekuwa karibu ameitika. Nani ajuaye ni wangapi waliovushwa maji yale bila neno? Akaigeuza baiskeli, akateremka akiizuia kwa miguu yote miwili, na paji lile bado liko begani. Ukungu ulipopasuka aliona ng'ambo ya daraja mgongo anaoujua, kitambaa usoni, kinadondosha. Bado alikuwa anangoja.

"Shuka, mama," Placide alimwambia aliyembeba. "Si we niliita. Samahani."

Vidole vikamkaza.

Alijua kilichobaki. Aliliogopa jina lile kuliko vidole vile, niamini. Akafumba macho, akapiga kelele mpaka bonde likaitikia:

"Wabiwa! Wabiwa, mama ya Marie! Ni mi, Placide, mukwe wako. Mi nilikuacha. Tunavuka mayi. Tuende kwako!"

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Uzito ukashuka polepole, kama mtu aliyeambiwa arudi kungoja ng'ambo. Ng'ambo, mwanamke akageuka. Placide akaangalia udongo, kwa kuwa adabu ilikuwa bado haijaisha. Akasikia nyayo juu ya magogo, kisha gurudumu likabonyea kidogo tu. Njia nzima ya mwinuko hakuna aliyemgusa.

Marie alikuwa amesimama katikati ya barabara. Sauti ilikuwa imemfikia.

"Umelisema," alisema, machozi yakimshuka.

"Nililisema."

Akainama nyuma ya baiskeli. "Mama, umefika." Gurudumu likainuka. Jioni hiyo kuku waliingia ndani wenyewe, bila kuswagwa.

Walipokaa karibu na moto, Placide alimsimulia yote. Marie akauliza, "Na ule wa kwanza, ni mama ya nani?"

"Sijue jina yake."

Placide alibeba ndakala mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuushuka tena mteremko ule juu ya tandiko. Alifika darajani kwa miguu, akavua kofia, akaita majina ya wanawake. Adolphine. Pulchérie. Dorothée. Nyirakamana. Mukantwari. Kila jina jipya alilolisikia sokoni alilileta pale. Wapita njia walicheka, wakasema jua limempiga. Akimaliza aliliangalia gurudumu la nyuma kwa kitambo, kisha akavuka.