Tulasi ya Mama Kanta

Sisi tuliozaliwa kabla ya bendera kubadilishwa, mafua tuliyatibu kwa majani ya uani. Na mafua yalikuwepo, msidhani. Mbeya ya miaka ya hamsini ilikuwa na baridi ambayo wajukuu zangu hawaiamini hata niape. Mwezi wa saba tulikwenda shule peku, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, vidole vya miguu havisikii kitu, na mwalimu bado anataka mwandiko mzuri kwenye kibao. Mapumzikoni tulicheza rede mpaka damu ichemke. Jioni kulikuwa na viazi vya kuchemsha, tukivichovya kwenye chumvi na kuvila na maganda yake. Kamasi haikuwa ugonjwa wakati ule, ilikuwa sehemu ya uso.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alitoka Iringa kijana, akapata nafasi kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na sisi tukakaa vyumba viwili nyuma ya duka hilo. Kati yetu na uani kwa mwenye duka palikuwa na uzio wa mabanzi wenye pengo la kupita mbwa, au mtoto wa miaka tisa kama mimi. Kutwa nzima tulisikia cherehani ya Baba ikilia, isipokuwa Jumapili. Jumapili aliifunika kwa kitambaa safi, na ole wake mtu aikalie.

Bibi yetu wa Iringa ndiye aliyetufundisha kivumbasi. Akija kututembelea alikuja nacho kwenye kikapu, basi zima limenukia. Kikikaukia chini ya kitanda, mbu wanahama. Ukikitia kwenye maharage ya akiba, wadudu hawagusi. Tumbo likisokota unachemshiwa, kifua kikibana unafunikwa blanketi juu ya sufuria mpaka jasho likutiririke, unatoka umelegea lakini pua zimefunguka. Bibi hakukata jani moja moja. Aling'oa na mzizi, akauosha, akachemsha vyote. "Nguvu iko chini," alikuwa akisema, nasi tuliamini, maana kwenye miteremko ya kwao kilijiotea chenyewe kila mahali.

Sasa huko uani kwa mwenye duka kulikuwa na mmea mmoja katikati, umejengewa kijukwaa cha matofali na kupakwa chokaa. Mkewe tulimwita Mama Kanta, kwa jina la binti yake aliyekwisha kuolewa mbali. Mmea ule aliuita tulasi. Mbegu yake, alimwambia Mama, ilitoka kwa mama yake mzazi huko India, ikavuka bahari imefungwa kwenye pindo la sari. Kila asubuhi alioga kwanza, ndipo akaumwagia maji. Kila jioni aliuwashia kitaa kidogo, akasimama mbele yake akisali. Miezi ya baridi aliufunika gunia kama mtoto mchanga. Mimi nikichungulia pengoni niliunusa, nikaona ni kivumbasi tu, ila hiki kimesoma.

Mwaka ule mdogo wangu Tumaini, wa miaka miwili, akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Mama Kanta alimsikia, akaja mwenyewe na majani matano kiganjani. Akamwonyesha Mama kuyaponda na tangawizi, kukamua, kuchanganya na asali. Alisema kwao majani hayo ni ya kifua, ya homa ndogondogo, ya koo, hata ya mtu mwenye mawazo mengi asiyelala. Tumaini akaanza kulala. Basi ikawa desturi, kila asubuhi majani matano. Asubuhi tu, maana jioni hakuyagusa. Na Jumapili hakuchuma kabisa.

Jumapili moja Tumaini aliamka vibaya. Mbavu zilikuwa zinaingia na kutoka, kifua kinapiga filimbi. Baba alikuwa amekwenda ibadani. Mama akanituma kwa jirani.

"Leo Jumapili," Mama Kanta aliniambia kwa upole, huku amevaa kwa safari. "Leo tulasi yeye napumzika. Kesho asubuhi nakuja, mimi napatia mama yako."

Kisha yeye na mumewe wakapanda gari lao la mizigo kwenda kula kwa ndugu zao. Nadhani kama angemwona Tumaini kwa macho yake angefanya vingine, lakini mimi sikujua kueleza. Nilisema tu, "Mama anaomba majani."

Mchana hali ikazidi. Mama alikuwa anazunguka chumbani na mtoto mgongoni, akaniambia niweke maji motoni tumfukize. Nikayaweka. Halafu nikapita pengoni. Nilifanya kama Bibi alivyonifundisha, nikashika shina kwa mikono miwili nikang'oa. Mzizi ulitoka na udongo wake. Nikauosha vizuri, maana nilikuwa mtoto mwenye adabu, nikatia vyote kwenye sufuria.

Mama aliinua mfuniko akaona mizizi. Alinitazama, hakupiga kelele. "Umeniua, mwanangu," alisema. Halafu akamwingiza Tumaini chini ya blanketi, kwa sababu kama dhambi ilikuwa imetendwa, ilikuwa imekwisha kutendwa, na mtoto bado alihitaji pumzi.

Mvuke ulimtuliza kidogo, basi. Jua lilipoanza kushuka tulisikia gari likirudi. Tukasikia ndoo ya maji ya kunawa ikiwekwa chini. Mama Kanta alitokea mlangoni kwetu, akaona sufuria jikoni, matawi yamelala ndani yamekuwa meusi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, natamani ardhi inimeze.

"Mtoto napumua?" aliuliza.

Akamchukua kutoka kwa Mama, akaweka sikio kifuani. Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele, lakini ni kumwita mumewe arudishe gari barabarani. Tumaini alifikishwa hospitali amevikwa shali ya Mama Kanta. Waliita nimonia. Alichomwa sindano siku nyingi, akapona. Majani ni ya kikohozi, wapendwa, nayapenda mpaka leo, lakini mtoto mbavu zikiingia ndani mkimbizeni kwa daktari.

Kesho yake Baba alinichukua kwenda kuomba radhi. Enzi zile mtoto hakuomba radhi mwenyewe. Kosa lako lilibebwa na mzazi, wewe ulipiga goti nyuma yake na kufunga mdomo. Baba alivua kofia. "Mama, mtoto ni wangu, kosa ni langu. Ukisema tuhame, tutahama."

"Fundi, wewe nakwenda shona," alijibu. "Mtoto iko hai. Basi."

Alipanda mbegu alizokuwa amezihifadhi. Baridi ikaziua zote. Bibi alipopata habari alikuja kwa basi toka Iringa, amepakata kopo lenye mche wa kivumbasi, akampa kwa mikono miwili. Mama Kanta alishukuru sana, akaupanda palepale kwenye kijukwaa. Ukashamiri kuliko hata tulasi. Tukipata kikohozi alituchumia asubuhi, alituchumia jioni, alituchumia mpaka Jumapili. Na kitaa hakukiwasha tena. Nilikuwa nikichungulia pengoni kila magharibi kuona kama atakiwasha, na hapo ndipo nilipoelewa nilichong'oa.

Miaka baadaye waliuza duka wakaondoka. Tumaini sasa ni bibi wa watu, anaongea kunizidi, kifua chake kizima. Mjukuu wangu anayekaa mtaa wa Soweto, Mbeya, aliniletea juzi boksi la majani ya chai kutoka dukani, limechorwa tulasi, eti nikinywa nitalala vizuri. Ameyasoma yote hayo kwenye simu, na ananifundisha mimi. Nikacheka, nikanywa, sikulala.

Watoto wa leo tunawasema hawana adabu, na kweli wengine hawana. Lakini juzi huyo mjukuu alinijibu vibaya, na kabla chai haijapoa akarudi mwenyewe, akanishika mkono: "Bibi, nisamehe." Hakumtuma baba yake. Nilimtazama nikamwonea wivu. Mimi nilipiga goti vizuri sana siku ile, nikafunga mdomo kama nilivyofunzwa, na Mama Kanta akaondoka Mbeya bila kulisikia neno hilo kwa sauti yangu.